Boneti Iliyokaa Upande: Namna Ninavyoirudisha Mahali Pake

Pikapu yangu ni ya mwaka 1984, na kwa muda mrefu boneti yake ilikaa kama kofia kichwani mwa mlevi. Upande wa kushoto, karibu na taa, kidole kilizama kati ya boneti na fenda, lile bati linalofunika gurudumu la mbele. Upande wa kulia hata wembe ulikwama. Ukingo wa kulia rangi ilikuwa imeshalika, bati liko uchi, na kila tukipita kwenye mashimo nilisikia bati likimkwaruza mwenzake.

Nikachukua spana. Nikalegeza bolti za bawaba, nikasukuma, nikakaza, nikafunga, nikatazama, nikalegeza tena. Siku mbili nzima. Jioni ya siku ya pili boneti ilikuwa bado imekaa upande, ila sasa kwa mtindo mpya: mbele imekuwa afadhali, nyuma kwenye kioo imeharibika. Asubuhi ya tatu soketi ilinidondoka, ikabiringika chini ya gari. Nilipolala chali kuitafuta nikaona kitu ambacho ningekiona siku ya kwanza kama ningeinama tu. Raba inayobeba fremu ya rejeta juu ya chesi, ule uti wa chuma wa chini ya gari, upande wa kushoto, ilikuwa imekwisha. Haikupasuka, imekwisha kabisa, yamebaki makombo meusi. Fremu ya rejeta ililala kushoto, ikavuta fenda zote mbili kushoto pamoja nayo. Boneti yenyewe ilikuwa pale pale ilipofungwa tangu mwanzo. Vilivyohama ni majirani zake.

Ndiyo maana maelezo yangu yanaanza na kupima, na spana inakuja baadaye sana kuliko unavyotaka.

Kwa kuelewana: nikisema kushoto au kulia, ni kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele. Na ninazungumzia boneti ya kawaida, yenye bawaba kwenye upande wa kioo na loki kwenye pua. Zile zinazofunguka kinyume nitazigusa kidogo mwishoni.

Kupima

Huhitaji kifaa cha kununua. Chukua biti za drili, ya milimita 3, 4, 5, 6 na kuendelea, uzigeuze utumie mkia wake, upande usio na makali. Biti inayoingia kwenye pengo kwa kugusa kidogo pande zote mbili ndiyo kipimo chako. Rula haifai hapa, jicho linakudanganya kwa sababu kingo za bati la zamani ni za mviringo.

Bandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, juu ya fenda zote mbili na kwenye bati lililo chini ya kioo, kule waipa zinakotokea. Kila upande pima sehemu tatu: nyuma karibu na kioo, katikati, na mbele karibu na taa. Kisha pima pengo la nyuma, kati ya boneti na bati la waipa, nalo sehemu tatu: kona ya kushoto, katikati, kona ya kulia. Andika namba kwa kalamu papo hapo kwenye utepe. Mimi huwa siandiki kwenye daftari, kwa sababu daftari linapotea chini ya kiti, na utepe unabaki ukinitazama usoni kazi nzima.

Halafu kimo. Laza kiganja nusu kwenye fenda nusu kwenye boneti, ukivute taratibu kutoka kioo hadi taa. Kiganja kinahisi tofauti ya milimita moja vizuri kuliko macho. Palipo juu weka mshale wa kupanda, palipo chini mshale wa kushuka.

Magari mengi ya miaka ya sabini na themanini yana mapengo ya kati ya milimita 4 na 6. Usitafute kulifanya lako liwe la milimita 3 kama gari la kisasa. Halikuundwa hivyo, na likicheza barabarani litakula rangi. Kinachomfanya mtu aseme boneti imekaa vizuri ni pengo kwenda sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Milimita 6 zilizonyooka hakuna anayeziona. Milimita 3 zinazofungukia 7 zinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Sasa soma namba zako, maana zinasema kila kitu.

Kama kushoto una 7, 7, 7 na kulia una 3, 3, 3, boneti imesogea yote kwenda kulia. Hiyo ni kazi nyepesi kuliko zote.

Kama pembeni mapengo yanafunguka kama kabari, mfano kushoto 5, 6, 9 na kulia 5, 4, 2, nenda haraka kwenye namba za nyuma, kule kwenye kioo. Hapa ndipo nilipopotea mimi. Boneti ni kipande kimoja cha bati. Ikizunguka, inazunguka yote. Pua haiwezi kwenda kulia kona za nyuma zikabaki zimetulia. Chukua boneti ya urefu wa mita 1.1, yenye bawaba zilizoachana mita 1.2: pua ikihama milimita 3 kwa kuzunguka, pengo la nyuma lazima litofautiane milimita 3 na kitu kati ya kona na kona. Kwa hiyo ikiwa nyuma ni 8, 6, 4, boneti ndiyo iliyozunguka, na dawa iko kwenye bawaba. Lakini kama nyuma ni 6, 6, 6 na bado pembeni kuna kabari, acha boneti. Fenda ndizo zimehama, au fremu ya rejeta, au raba za bodi, zile zinazokaa kati ya bodi na chesi.

Pikapu yangu ilikuwa 6, 6, 6 nyuma. Ningepima siku ya kwanza, ningelala mapema.

Kumtafuta mkosaji

Fungua boneti, uisimamishe kwenye ufito wake, kisha zunguka gari na tochi.

Anza na bawaba. Mtu mmoja ashike kona ya nyuma ya boneti aipandishe na kuishusha kwa mkono wakati mwingine anatazama bawaba. Ukiona pini inacheza ndani ya tundu lake, bawaba imekwisha, na hakuna bolti utakayoikaza ikasaidia: leo utapanga, kesho itakaa kwingine. Tafuta bawaba nzima, au mpe fundi wa mashine atoboe upya na kuweka pini nene zaidi. Ikiwa haichezi lakini ni ngumu, inalia, hilo nalo ni tatizo, tena baya zaidi. Bawaba iliyokauka haikunjiki kirahisi, kwa hiyo unaposhindilia boneti ifunge, kinachokunjika ni boneti yenyewe. Tazama upande wa chini, mbele kidogo ya bawaba. Ukiona mkunjo kwenye mbavu za bati, umeshapata jibu la kwa nini kona ya nyuma imeinuka na haishuki. Mafuta kwanza, mengi, fungua na kufunga mara ishirini, ndipo uendelee. Mkunjo wenyewe ni kazi ya fundi bodi. Bolti haziuondoi.

Kisha tazama alama za zamani. Chini ya kichwa cha kila bolti kuna washa, na pale washa ilipokaa miaka yote rangi ni mpya, yenye duara safi. Duara likiwa limechungulia kando ya washa, ujue kuna mtu aliwahi kusogeza. Na lile duara linakuonyesha mahali ilipokuwa kabla hajafika. Hakuna mwongozo mzuri kuliko huo. Kwenye gari langu jingine, saluni, aliyelipaka rangi kabla yangu alikuwa amepachika washa tatu kati ya bawaba ya kulia na boneti, bawaba ya kushoto hakuna hata moja. Sijui alikuwa anaficha nini. Nilizitoa zote tatu, nikarudisha bolti kwenye maduara yake ya zamani, na nusu ya kazi ikawa imeisha bila jasho.

Raba za kukalia boneti, zile mbili au nne zilizo mbele, mara nyingi zimefungwa kwenye skruu ili zipandishwe na kushushwa. Kwenye gari kuukuu moja huwa haipo. Imedondoka, au imeliwa na joto la injini, au mtu aliitoa ili boneti ifunge. Boneti inayolala upande mmoja mbele, mara nyingi shida ni hiyo raba tu.

Kuna na ule mpira mrefu wa nyuma, unaozuia maji na moshi wa injini. Ukiwekwa mpya, mnene kuliko wa zamani, unainua boneti yote upande wa kioo. Uchomoe kwa muda, funga, tazama. Boneti ikishuka mahali pake, tatizo lako si la spana.

Mwisho, inama. Kwa gari lenye bodi iliyokalia chesi, pikapu na magari mengi ya porini, tazama kila raba ya bodi, hasa zile za mbele chini ya rejeta. Linganisha kushoto na kulia. Raba moja ikiwa nyembamba nusu ya mwenzake, ibadilishe, na ubadilishe na mwenzake kwa pamoja, kabla ya kugusa kitu kingine. Kwangu ilikuwa ni kuinua fremu ya rejeta kwa jeki na kipande cha ubao, polepole nikitazama mipira ya maji isije ikavutika, kutoa bolti ndefu iliyoshikwa na kutu, kupachika raba mpya, kushusha. Muda mwingi ulikwenda kwenye ile bolti. Niliposhusha jeki, boneti ilikuwa imeshanyooka karibu yote, na ile kazi yangu ya siku mbili ndiyo ikawa kasoro pekee iliyobaki.

Na fenda? Kuna utaratibu ambao mjomba wangu, aliyenyoosha bodi maisha yake yote, hakukubali uvunjwe: mlango kwanza, fenda ifuate mlango, boneti ifuate fenda na bati la kioo, shoo (ule wavu wa mbele) na bampa vije mwisho. Kama pengo kati ya fenda na mlango ni baya, tengeneza hilo kwanza. Ukipanga boneti ifuate fenda iliyokaa vibaya, siku utakapoinyoosha fenda utaanza upya.

Kujiandaa

Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila bolti ya bawaba, loki na raba. Rudia usiku. Bolti zilizokaa miaka arobaini zinakatika shingo kama njiti ya kiberiti, na nati zake kwa kawaida zimechomelewa ndani ya boneti mahali ambapo mkono haufiki. Ukihisi bolti inajipinda badala ya kufunguka, simama. Rudisha ndani kidogo, tia mafuta, toa kidogo, rudisha. Tumia soketi yenye pembe sita, ile ya pembe kumi na mbili inalamba vichwa vilivyoliwa na kutu. Magari ya Japani mara nyingi ni namba 10 au 12, ya Ulaya 10 au 13, ya Marekani ya zamani ni za inchi.

Mtafute mtu wa pili. Hili halina mjadala. Boneti ya zamani ni bati zito, na bolti zikilegea yote inataka kurudi nyuma ikapige kioo. Kunja blanketi nene ulilaze juu ya bati la waipa na pembe za chini za kioo. Bandika utepe, tabaka mbili, kwenye kona za nyuma za boneti na kwenye kingo za fenda zinazotazamana nazo.

Kama bawaba zako zina springi kubwa, tahadhari. Springi hizo zimevutwa kwa nguvu ya kukata kidole. Kulegeza bolti ili boneti iteleze ni sawa, lakini kuifungua bawaba kabisa kutoka kwenye bodi huku springi iko, usijaribu. Na kama boneti inashikiliwa na pampu za gesi, msaidizi awe ameishika kabla hujachomoa pampu.

Zungushia kila bawaba mstari wa kalamu ya wino mzito, upande wa boneti na upande wa bodi. Hapo ulipo sasa, hata kama ni pabaya, ni mahali unapoweza kurudi.

Sasa toa loki. Fungua bolti zake mbili au tatu, iweke kando ikining'inia na kebo yake, au kama pini inayoingia kwenye loki iko kwenye boneti na ni rahisi zaidi, toa pini. Watu wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo inayowachosha. Loki ikiwepo, kila unapofunga inaivuta pua kwenda inakotaka yenyewe, kwa hiyo unapima nguvu ya loki ukidhani unapima boneti. Isitoshe, boneti iliyopangwa vibaya inaweza kujifunga na loki ikagoma kufunguka, na hapo ndipo utakapojua kilio. Bila loki haiwezi kukufungia nje. Ila gari lisisogee hata hatua moja hadi loki irudi.

Kusogeza

Kwa magari mengi, matundu ya bolti kati ya bawaba na boneti ni marefu kuelekea mbele na nyuma, na yana nafasi kidogo ya kwenda kando. Yale ya bawaba na bodi ni marefu kwenda juu na chini. Yako yanaweza kuwa tofauti. Legeza bolti moja uchungulie tundu lake, litakueleza linaruhusu nini.

Legeza bolti za upande wa boneti kwa kiasi hiki tu: boneti isisogee kwa uzito wake, isogee ukiisukuma kwa kiganja. Zikilegea zaidi ya hapo unakimbizana na bati linaloogelea. Mara nyingi mimi nalegeza zote isipokuwa moja kila bawaba, hiyo moja naiacha imeshika nusu, iwe kama mguu wa bikari.

Kwenda kando kote: sukuma boneti kwa nyuma, karibu na bawaba, kwa nusu ya tofauti. Kama ni 7 kushoto na 3 kulia, unahitaji milimita 2 tu. Ukisukuma 4 umehamishia tatizo ng'ambo. Nimefanya kosa hilo zaidi ya mara moja, kwa sababu macho yanaona tofauti ya 4 na mkono unatii macho.

Kuzungusha: hapa ukumbuke neno moja. Bawaba ya kulia ikienda mbele, pua inakwenda kushoto. Bawaba ya kushoto ikienda mbele, pua inakwenda kulia. Na kwa ile boneti ya mita 1.1 kwa 1.2, milimita moja kwenye bawaba inakuletea karibu milimita moja kwenye pua. Kwa hiyo usitegemee miujiza ya kusogeza kidogo na kupata kikubwa, wala usiogope. Unaweza pia kurudisha bawaba ya upande mwingine nyuma badala ya kupeleka hii mbele. Amua kwa kutazama pengo la kioo: kona iliyobana zaidi ndiyo ya kupelekwa mbele.

Kaza bolti mbili tu, moja kila upande. Shusha boneti taratibu, msaidizi akitazama kona za nyuma kwa karibu. Akisema simama, simama. Kona ya nyuma ya boneti inapita karibu sana na fenda wakati wa kushuka, na hapo ndipo rangi mpya za watu zinapolia. Ikifika chini salama, pima kwa biti, andika namba mpya chini ya zile za zamani kwenye utepe, fungua, rekebisha. Mara nne au tano ni kawaida.

Kuna jambo dogo linalowakera wengi: umepanga vizuri, umekaza, umefunga, na namba zimehama milimita moja. Ni washa. Robo ya mwisho ya kukaza inazungusha washa, na washa inavuta bati. Kaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, usimalize bolti moja kabla ya kuanza nyingine. Tone la mafuta chini ya kichwa cha bolti linapunguza mvuto huo.

Kimo cha nyuma kinafuata. Nyuma ikiwa juu pande zote mbili, legeza bolti za bawaba upande wa bodi, shusha bawaba kwa kiasi kile kile kushoto na kulia. Ikiwa kona moja tu, shusha hiyo. Tundu likifika mwisho na bado, zipo washa, lakini ujue unachofanya. Bawaba imeshikwa kwenye boneti kwa bolti mbili, moja karibu na kioo na nyingine mbele yake. Washa ikipachikwa kati ya bawaba na boneti kwenye bolti ya karibu na kioo, kona ya nyuma inapanda. Ikipachikwa kwenye bolti ya mbele, kona ya nyuma inashuka. Washa moja nyembamba, ya milimita moja, pima. Ukijikuta unatafuta ya tatu, kuna kitu kimepinda na wewe unakifunika, kama yule mpaka rangi wa saluni yangu.

Mbele sasa, na loki bado iko nje. Zungusha skruu za raba hadi boneti ikikaa kwa uzito wake iwe juu ya fenda kwa kama milimita moja. Raba itabonyea loki ikivuta, kwa hiyo hiyo milimita itapotea yenyewe.

Kurudisha loki

Paka grisi kidogo sana kwenye ncha ya pini. Rudisha loki, bolti zake zikaze kwa vidole na robo mzunguko. Shusha boneti polepole mpaka pini iguse mdomo wa loki, usifunge, inua, tazama grisi imeacha alama wapi. Alama ikiwa kando, sogeza loki iifuate pini. Loki ndiyo inayoifuata boneti. Ukimwona mtu anasogeza loki ili iivute pua kando, huyo anaficha kosa la bawaba, na pini yake italika upande mmoja.

Alama ikiwa katikati, kaza loki, funga. Boneti ikikataa kufunga, loki iko chini mno au raba ziko juu mno. Ikifunga lakini ukiishika kwenye pua inacheza juu na chini, loki iko juu mno. Inatakiwa ifunge kwa kuiachia kutoka kimo cha kama mkono na kiwiko, sauti moja nzito, isiwe na haja ya kuikalia. Kabla ya kufunga mara ya kwanza msaidizi akae ndani akishika mkono wa kebo. Ikigoma kufunguka, wewe bonyeza pua chini kwa viganja viwili, yeye avute. Mzigo ukitoka kwenye loki, mara nyingi inaachia.

Kisha kipande cha karatasi. Kiweke juu ya raba ya kushoto, funga, kivute. Kinatakiwa kitoke kwa ubishi. Fanya kulia. Kikitoka bure upande mmoja, raba hiyo haibebi kitu na kona hiyo itapigapiga barabarani. Ipandishe nusu mzunguko, rudia.

Kuna ndoano ya pili, ile inayoshika boneti loki kuu ikishindwa. Usiisahau, maana ukisogeza boneti inawezekana umeiondoa kwenye njia yake. Fungua loki kwa kebo, halafu jaribu kuinua boneti bila kugusa ndoano. Inatakiwa ikwame. Isipokwama, gari halitoki. Boneti ikifunguka kwenye mwendo inapiga kioo na kukuziba macho kwa wakati mmoja.

Kona inayokataa

Wakati mwingine kila kitu kimekaa, ila kona moja ya mbele imebaki juu. Boneti yenyewe imejipinda kidogo, kwa kushindiliwa upande mmoja miaka mingi. Hapa mjomba alikuwa na njia yake. Kuunyoosha msokoto, weka kipande cha ubao kilichofungwa kitambaa chini ya kona ya mbele iliyo chini, boneti iwe imeshushwa bila kufungwa, kisha bonyeza ile kona iliyo juu kwa viganja viwili, karibu na ukingo ambapo bati limekunjwa lina nguvu. Bonyeza kidogo, achia, toa ubao, tazama. Bonyeza tena kwa nguvu zaidi kidogo. Bati la zamani ni nene na linatii, lakini likishavuka kipimo hulirudishi bila kuacha bonde. Boneti ya alumini au faiba usiifanyie hivi hata kidogo, na yenye puti nyingi, ile ya kujazia mabonde kabla ya rangi, itapasuka.

Kwa zile zinazofunguka kinyume, kama BMW E30 au Datsun 240Z, bawaba ziko kwenye pua na loki nyuma karibu na kioo. Kupima hakubadiliki. Ila pua ndiyo unayoianza kwa bawaba, nyuma ndiko kwenye raba na loki, na kanuni ya kuzungusha inahusu nyuma: bawaba ya kulia ikienda mbele, upande wa kioo unakwenda kulia.

Pikapu yangu ilimaliza na 5, 5, 6 kushoto na 5, 5, 5 kulia. Ile 6 niliiacha. Nilipaka rangi ya kuzuia kutu kwenye ule ukingo ulioliwa, nikatia grisi kwenye loki na mafuta kwenye bawaba, na utepe nikauacha kwenye fenda. Baada ya wiki ya barabara mbovu nilipima tena juu ya utepe ule ule. Bolti mbili za bawaba ya kulia zilikuwa zimelegea robo mzunguko, raba mpya zilikuwa zimekaa chini nusu milimita. Nikakaza, nikapandisha skruu kidogo, ndipo nikaubandua.